Usiipake rangi: uhakiki wa saa moja ya Kirusi

Wanalisansi wenzangu, kwenye ukurasa huu tunahakiki vitabu, filamu, nyimbo, na mara nyingine hotuba za wakubwa. Leo nahakiki saa ya mkono. Najua wengine watacheka: mutu wa agronomia, mwenye lisansi ya udongo na mbegu, anatafuta nini ndani ya masaa? Bon. Someni kwanza, mtacheka kisha.

Saa yenyewe ni Vostok Amphibia, saa ya kupiga mbizi iliyotengenezwa wakati wa Umoja wa Kisovieti. Mpaka sasa nimekusanya nne, zote nimezipata hapa Lubumbashi, kwa mafundi wa saa wa kando ya barabara na kwa familia zilizokuwa zimezisahau ndani ya droo. Mbili zinatembea vizuri, moja inatembea siku ikipenda, na moja ilikufa kabisa, naiweka kwa ajili ya vipande vyake.

Hoja yangu ni hii. Saa hii ina akili nyingi kuliko sifa inazopewa, lakini watu wengi wanaoirekebisha wanaiharibu wakidhani wanaiponya. Na nikiangalia namna tunavyorekebisha saa, naona pia namna tunavyotendea vitu vyote vya wazee wetu.

AKILI YAKE

Vostok kwa Kirusi maana yake ni mashariki. Kiwanda kiko Chistopol, mji mdogo kando ya mto Kama, katika Tatarstan. Mwaka 1941, Wajerumani wakiwa wanakaribia Moscow, mashine na wafanyakazi wa Kiwanda cha Pili cha Saa cha Moscow walihamishiwa kule. Vita vikaisha, kiwanda kikabaki. Mwaka 1967 kikatoa Amphibia ya kwanza, kazi ya wahandisi wawili, Mikhail Novikov na Vera Belova.

Shida waliyopewa ni nyepesi kuisema: saa ivumilie maji ya kina cha mita 200. Kule chini, kila sentimita moja ya mraba inakandamizwa na uzito wa karibu kilo 20. Mtu wa kawaida angefikiria kupigana na maji: chuma kigumu, kioo kigumu, kila kitu kibanwe mpaka mwisho. Novikov na Belova waliyaacha maji yenyewe yafanye kazi ya kuifunga saa.

Tuanze na mgongo. Saa nyingi zisizoingia maji zina mfuniko wa nyuma unaozungushwa kama kifuniko cha chupa. Ukiuzungusha, unasugua mpira ulio chini yake, unaukunja, na siku moja mpira unakatika. Amphibia ina vipande viwili. Kuna mfuniko bapa unaolala juu ya mpira, umeshikwa usizunguke, halafu kuna pete yenye nyuzi inayozungushwa juu ya mfuniko. Pete inazunguka, mfuniko unatulia, mpira hauchubuki. Ukishuka ndani ya maji, maji yanausukuma mfuniko juu ya mpira, na kadiri unavyoshuka ndivyo saa inavyozidi kufungika.

Kioo nacho si kioo, ni plastiki nene ya akriliki. Maji yakikandamiza, kinabonyea kidogo na ukingo wake unajibana zaidi kwenye chuma. Plastiki hiyo ina faida nyingine ambayo mutu wa Lubumbashi ataielewa mara moja: ikikwaruzika, unachukua dawa ya meno na kitambaa laini, unasugua nusu saa, inakuwa safi. Huhitaji kuagiza kitu Ulaya.

Cha tatu ni kile kifungo cha pembeni cha kutilia saa ufunguo. Ukikifungua, kinalegea, kinacheza kama jino la mtoto. Kila mnunuzi anadhani kimevunjika. Kumbe kimetengenezwa vile kwa makusudi: kikiwa kimefungwa kinakuwa kimeachana na kijiti kinachoingia ndani, hivyo kikigongwa, pigo halifiki kwenye mashine. Saa yangu ya pili niliipata kwa bei ndogo juu ya kile kifungo tu. Muuzaji mwenyewe aliamini anauza saa yenye kuvunjika.

Sisi wa agronomia tunaijua akili ya namna hii. Kwenye shamba la mteremko unaweza kujenga ukuta wa mawe kila mita kumi, kama una makuta. Au unapanda mistari ya majani kukata mteremko, halafu unangoja. Mvua inaleta udongo, majani yanaushika, na baada ya misimu michache maji yaleyale yaliyokuwa yanaiba shamba yamejenga tuta. Amphibia ni tuta la namna hiyo. Njo maana naipenda.

KASORO ZAKE

Lakini uhakiki si kusifu tu. Kasoro ziko, na wakusanyaji wanazifunika.

Ya kwanza iko juu, kwenye ile pete inayozungushwa kuzunguka kioo. Mpiga mbizi anaiweka kwenye dakika aliyoingia majini, ili ajue ametumia hewa kiasi gani. Saa nzuri za kazi hiyo zina pete inayozunguka upande mmoja tu, kwa mikato inayosikika: ikigongwa, inaweza kukudanganya kwamba hewa imebaki kidogo, na utapanda mapema. Pete ya Amphibia za zamani inateleza pande zote mbili. Ikigongwa vibaya inakuambia una hewa ambayo huna. Kwa saa yenye jina la maji, hilo ni kosa kubwa.

Ya pili ni tarehe. Kwenye zile zenye tarehe hakuna njia ya haraka ya kuibadilisha. Ukiiacha saa wiki mbili, unapeleka mishale mpaka usiku wa manane, unairudisha nyuma masaa kadhaa, unaipeleka tena, siku moja baada ya nyingine, mpaka vidole vichoke.

Ya tatu ni usahihi. Kwa mashine ya 2416B, ile inayojijaza yenyewe kwa mwendo wa mkono, kiwanda chenyewe kinakubali saa ichelewe sekunde 20 au iwahi sekunde 60 kwa siku. Yaani ikikimbia dakika moja nzima kila siku, kwa kiwanda iko sawa. Simu ya bei ndogo kabisa kule sokoni inaishinda.

Ya nne si kosa la kiwanda, ni kosa la wanaoiuza. Namba 200 iliyoandikwa usoni ni ya siku ilipotoka kiwandani. Mpira umezeeka, umekuwa mgumu kama ngozi ya ngoma. Muuzaji akikuambia unaweza kushuka nayo Ziwa Tanganyika, mwambie ashuke nayo yeye. Ziwa lile lina mita 1,470 kwenda chini. Na hapa Lubumbashi nani anapigaka mbizi? Kwetu maji makubwa ya saa hii ni mvua ya Januari na beseni la kufulia nguo.

HADITHI ZA SOKO

Tena kuna hadithi. Sijapata kununua saa ya Kirusi hapa bila kupewa hadithi juu yake. Hii ilikuwa ya Mrusi aliyekufa Kolwezi. Hii ilitoka kwenye sumarini. Hii ni ya koloneli. Na hadithi inaongeza bei mara mbili.

Siseme hadithi hizo haziwezekani. Katanga ina sababu zake za kuwa na saa za Kirusi. Utengano wa Katanga ulipokwisha Januari 1963, majandarme wengi wa Katanga walivuka kwenda Angola. Angola ilipopata uhuru tarehe 11 Novemba 1975, walikuwa upande wa MPLA, na MPLA ilikuwa inasaidiwa na Wasovieti na Wakuba. Machi 1977 walirudi na silaha, ikawa vita ya kwanza ya Shaba. Mei 1978 walirudi tena mpaka Kolwezi. Wengine waliingia mwaka 1997 pamoja na AFDL, mwaka ule Lubumbashi ilipobadilisha mikono mwezi wa nne. Kuna pia wale waliosoma Moscow, kwenye chuo kikuu kilichopewa jina la Lumumba mwaka 1961. Kwa hiyo saa ya Chistopol kufika Katuba au Kamalondo si muujiza.

Lakini kitu kinachowezekana hakijawa kweli bado. Sisi tulifundishwa kuuliza ushahidi, na saa inao ushahidi wake.

Angalia kwanza chini ya uso wake, karibu na namba sita. Kama kuna herufi ndogo za Kirusi zinazosema imetengenezwa USSR, uso huo ulitoka kiwandani mbele ya nchi ile kuvunjika Desemba 1991. Kama maneno ni ya herufi zetu, Made in USSR, ilitengenezwa kuuzwa nje. Yenye herufi za Kirusi, kwa kawaida iliuzwa kulekule, na mutu ndiye aliyeibeba mpaka hapa.

Kisha fungua mgongo. Ndani ya mfuniko, mafundi wa saa wa dunia nzima wana desturi ya kukwangua alama kwa sindano: herufi, tarehe, namba ya kazi. Kwenye moja ya saa zangu kuna mikono mitatu tofauti. Mmoja ameandika 3/91. Hakuna aliyewalipa kwa kuandika, na muuzaji hakujua kama maandishi yapo. Kwangu alama zile tatu zina uzito kuliko koloneli yeyote wa sokoni.

Mwisho, linganisha vipande. Saa nyingi zinazouzwa kama za asili ni za kuunganisha: uso wa moja, mishale ya nyingine, mwili wa ya tatu. Mwili wa Amphibia ni chuma kisichoshika kutu. Ndugu yake Komandirskie, ya miaka ileile ya sitini, kwa kawaida ina mwili wa shaba ya njano iliyopakwa kromu, na kromu ikiisha unaona njano kwenye kona. Ukiona uso wa Amphibia ndani ya mwili wenye kona za njano, ujue kuna fundi aliyepika mboga mbili kwenye chungu kimoja.

RANGI

Sasa tufike penye ugomvi wangu wenyewe. Saa ya zamani ikifika kwa fundi hapa kwetu, kazi ya kwanza anayoombwa si kusafisha mashine. Anaombwa aing'arishe. Anasugua mwili mpaka kona zote zinakuwa mviringo kama sabuni iliyotumika. Kisha anaondoa mishale, anakwangua uso, anapaka rangi mpya, mara nyingine rangi ya gari, na maneno ya Kirusi yanapotea. Saa inarudi ikimetameta. Ndani, mafuta ni yale yale ya miaka thelathini, yamekuwa gundi.

Mwanafunzi yeyote wa udongo amechimba profili. Unachimba shimo la mita moja na nusu, unasafisha ukuta mmoja, unasoma matabaka: huu ni weusi wa majani yaliyooza, huu ni wekundu wa chuma, hapa kulikuwa na moto, hapa maji yalisimama. Mutu akipita na trakta akachanganya yote, shamba litaonekana safi, laini, zuri kwa picha. Lakini husomi kitu tena. Uso wa saa ni profili. Namba zilizogeuka rangi zinakuambia jua. Doa linakuambia maji yaliingia upande gani, na kwa hiyo ni mpira upi uliokufa. Mikwaruzo ya pembeni inakuambia mkono gani ulivaa. Ukipaka rangi umepitisha trakta.

Kuna sababu nyingine ya kutokwangua, na hii inatuhusu sisi wa Katanga kuliko watu wengine. Saa nyingi za kabla ya miaka ya 1960, za nchi mbalimbali, ziling'aa usiku kwa rangi yenye radium. Na radium, kwa miaka mingi, dunia iliipata kwa wingi kutoka kwetu. Madini ya Shinkolobwe, pale karibu na Likasi, yaligunduliwa mwaka 1915. Union Minière du Haut-Katanga iliyapeleka Olen, Ubelgiji, na kuanzia 1922 radium ya Katanga ikatawala soko. Rangi hiyo ikizeeka haing'ai tena, kwa sababu kemikali inayotoa mwanga imechoka. Radium yenyewe haijachoka: inahitaji miaka 1,600 ili ipungue nusu. Marekani, wasichana wa viwandani waliopaka rangi hiyo kwenye saa walikuwa wanachongesha brashi kwa midomo, na wengi waliugua mifupa ya taya, wengine wakafa. Unga wake ukiuvuta puani unaingia mwilini na kukaa.

Siseme kila Amphibia ina radium. Ilizaliwa 1967, wakati viwanda vingi vilikuwa vinaiacha. Nasema hivi: kwa saa ya zamani usiyoijua, fundi aliyeinama juu ya uso wake na wembe, bila kitambaa puani, anaweza kuwa anavuta vumbi lililotoka umbali wa safari ya asubuhi kutoka hapa, likaenda Ulaya, likarudi. Kwa rangi ya dola tano tu.

Niliwahi kumwambia hayo fundi mmoja mzee wa komuni ya Kenya, ambaye amenifundisha mengi. Alisikiliza mpaka mwisho, lupu ikiwa bado kwenye jicho. Kisha akasema:

"Mwana, mutu analeta saa yake. Eko na makuta yake. Anasema, papa, ipake rangi. Miye nimufundishe historia? Batoto yangu banakulaka ile rangi."

Hapo nilinyamaza, kwa sababu ana haki, na hesabu zake ni sahihi. Kupaka rangi ni kazi ya saa mbili na mteja anaona alicholipia. Kusafisha mashine ni kazi ya siku mbili: kuifungua yote, kuosha kila gurudumu kwenye esansi safi, kutia tone la mafuta dogo kuliko kichwa cha pini kwenye vijiwe vinavyohitaji, na kuacha vikavu vile visivyotaka mafuta. Tone moja likigusa ule waya mwembamba uliojikunja kama koili, mizunguko inagandamana na saa inaanza kukimbia kama mwizi. Kazi hiyo mteja haioni. Anaona sura ileile ya jana, na anauliza kwa nini alipe. Kwa hiyo lawama yangu naitoa kwa fundi, naiweka kwa mteja, na mteja mara nyingi ni sisi wenye diploma.

SAA YA KATUBA

Sheria ya kutopaka rangi ilipata mtihani wake mwaka jana, kwa familia moja ya Katuba. Baba yao alikuwa amefariki. Alikuwa amerudi kutoka Angola mwaka 1997, na saa hii mkononi. Uso una maneno ya Kirusi, mwili wa chuma safi, na kati ya namba tatu na tano kuna doa la maji, kahawia, kama ramani ya ziwa dogo. Mwana wa kwanza alinitafuta mwezi mmoja mbele ya kumaliza matanga.

"Mudogo, minataka ing'are kama mupya. Ile siku batu bote bataniangalia ku mukono."

Nikamweleza yote: profili, mafundi wanaoandika mgongoni, rangi. Nikamwambia, yaya, mashine nitaisafisha, mpira nitabadilisha, kioo nitasugua, lakini uso siugusi. Alikuwa anakubali kwa shingo upande. Mama yake, aliyekuwa ameketi karibu anachambua mchele, akaweka sinia chini.

"Mwana, weye unaona pale historia. Miye minaona ile miaka aliniacha na batoto bane, sijue kama eko muzima. Alirudia na ile saa, na doa yake. Yeye akiangaliaka saa, miye minaangaliaka doa."

Hakuna mwalimu aliyewahi kunipa swali gumu kama hilo. Maandiko yote ya kuhifadhi vitu vya kale yanazungumza kana kwamba kumbukumbu ni ya watu wote sawasawa, na kana kwamba kila mutu anafaidika ikihifadhiwa. Yule mama hakuwa mjinga wa historia. Aliiishi. Doa ambalo mimi nililisoma kama ushahidi, yeye alilisoma kama barua ambayo haikufika kwa miaka yote ile. Ningemwambiaje kwamba ni lazima aliangalie kila siku kwenye mkono wa mwanawe, kwa sababu mutu wa agronomia anapenda matabaka?

Nilirudi nyumbani na saa, nikaifikiria siku tatu. Kisha nikachukua ile Amphibia yangu iliyokufa, nikatoa uso wake. Ulikuwa msafi, wa kiwanda kilekile, wenye herufi zilezile. Nikasafisha mashine ya baba yao, nikabadilisha mpira, nikaweka uso ule msafi, nikarudisha mishale yake mwenyewe. Mwili sikuusugua. Uso wa zamani, wenye doa, nikaufunga kwenye karatasi laini, nikauweka ndani ya bahasha, na juu yake nikaandika kwa kalamu: uso wa asili, umetolewa, unaweza kurudishwa na fundi yeyote kwa nusu saa.

Wengine mtasema nimefanya saa ya kuunganisha, ileile niliyoilaani hapo juu. Ni kweli, vipande vimechanganyika. Tofauti ni kwamba hii inasema. Nami nimefuata desturi ya mafundi: ndani ya mfuniko, chini ya alama za waliotangulia, nimekwangua tarehe na neno moja, uso. Fundi atakayeifungua mwaka 2050 atajua kwamba mtu alipita hapa na alifanya nini. Anayeuza saa ya kuunganisha kama ya asili anamfunga fundi huyo macho.

Mwana wa kwanza aliivaa siku ya kumaliza matanga, akafurahi. Bahasha hakuitaka. Niliiacha juu ya meza. Mama yake njo aliichukua, akaiweka ndani ya kitenge, bila kusema kitu. Nami sikumuuliza.

KIPIMO

Kutoka pale nimebadilisha kipimo changu. Zamani nilikuwa nauliza swali moja juu ya kazi ya kurekebisha: je, imehifadhi cha asili? Sasa nauliza: je, anayekuja baada yangu anaweza kukirudisha? Mpira mpya unaweza kutolewa. Mafuta yanaweza kuoshwa. Uso uliobadilishwa na kuwekwa kwenye bahasha unaweza kurudi. Kona ya chuma iliyosuguliwa hairudi. Uso uliokwanguliwa haurudi. Kwenye mambo ambayo hayarudi, hakuna fundi, hakuna mteja, na hakuna mwanalisansi mwenye haki ya kuwaamulia watakaozaliwa.

Kipimo hicho kinaacha nafasi kwa yule mama na kwa yule fundi. Mama anapata mkono usio na doa. Fundi anapata kazi ya kulipwa, kwa sababu kubadilisha uso ni kazi pia, na mteja anaona tofauti kwa macho yake. Kinachokufa ni ule wembe tu.

Na msidhani nazungumza juu ya masaa peke yake. Angalieni nyumba za zamani za wafanyakazi tunavyozipiga simenti juu ya matofali mazuri. Angalieni picha za babu zetu tunazozipeleka studio zipakwe rangi mpaka babu anafanana na mwimbaji. Angalieni mbegu za mahindi za kijijini tunazozitupa zote siku tunapopewa mfuko wa mbegu mpya, bila kuweka hata kikombe kimoja kando. Mimi sikatai mbegu mpya, njo kazi yangu kuipanda. Nauliza kikombe kiko wapi.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni dogo. Kama kwenu kuna saa ya mzee imelala kwenye droo, ya Kirusi au ya Uswisi au ya wapi, usiitie ufunguo kwa nguvu, na usiipeleke kung'arishwa. Mtafute fundi mzee, mwambie aifungue mgongo mbele yako, na mwambie utalipa kazi ya ndani. Someni pamoja kilichoandikwa kwa sindano. Halafu njooni mtuambie hapa chini mmekuta nini, na kama mzee mwenyewe bado yuko, mumuulize yeye mbele ya kuniuliza mimi.